Akriliki, mkono mmoja au mafuta: amua mwanga kwanza, ndipo uchague rangi

Ukishapaka vijisanamu ishirini au thelathini kwa namna ile ile, mkono huanza kutamani kitu kipya. Nijaribu rangi za mafuta? Hizi za mkono mmoja, za kupaka mara moja tu, zinafaa? Na ule mwanga wa mwenge unaomulika uso wa askari, unachorwaje? Kwa maswali yote hayo mimi huanza na swali moja: unataka mwanga wa kijisanamu chako utoke wapi? Kuna rangi inayoubeba mwanga uliokwisha kuupuliza kwenye praima, ile rangi ya msingi inayotangulia zote, na kuna rangi inayoufukia kwa mkono wa kwanza tu. Anayenunua rangi kabla ya kuamua mwanga hupuliza praima kwa ustadi kisha akaifunika yote, au humwaga rangi angavu, ile inayopitisha mwanga, juu ya weusi na kushangaa mbona haionekani.

Ili nisiseme kwa kukisia, nilichukua walinzi watatu waliotoka kwenye kalibu moja. Kimo chao ni milimita 32, wana joho refu lenye mikunjo, kofia ya chuma, na mwenge ulioinuliwa kwa mkono wa kushoto karibu na shavu. Wa kwanza nilimpaka akriliki za kawaida, wa pili rangi za mkono mmoja, wa tatu mafuta. Wote watatu wako mbele yangu ninapoandika.

Akriliki za kawaida

Hizi ndizo wengi tulizoanzia, ziwe za chapa ya Citadel, Vallejo, Army Painter au Scale75: chembe za rangi ndani ya gundi ya akriliki, zinazimuliwa kwa maji na kukauka ndani ya dakika chache. Uzuri wake mkubwa ni kwamba zinasamehe. Ukikosea mpaka wa mkanda na shati, unasubiri kidogo, unapaka juu, yamekwisha. Rangi iliyo chini haiyeyuki tena, kwa hiyo unapandisha mkono juu ya mkono hadi utosheke.

Ubaya wake ni huko huko kukauka upesi. Joho la mlinzi wa kwanza nilitaka litoke bluu ya usiku kwenye bonde la mkunjo hadi bluu ya kijivu mgongoni mwake, na akriliki haikupi muda wa kuchanganya rangi mbili juu ya kijisanamu chenyewe, labda uwe na mkono mwepesi mno. Njia ya uhakika ni tando nyembamba. Tone moja la rangi kwa matone matano au sita ya maji, brashi unaifuta kwenye tishu mpaka isiache dimbwi, ndipo unavuta. Na hapa pana jambo lililonichukua muda kulielewa: rangi nyingi hubaki pale unaponyanyua brashi, si pale unapoanzia. Ukitaka kuongeza kivuli, anzia mgongoni mwa mkunjo umalizie bondeni. Ukitaka kuongeza mwanga, geuza, anzia bondeni umalizie juu. Utando wa kwanza unaonekana kama haukufanya kitu. Wa pili vilevile. Kwenye wa tano au wa sita ndipo mpaka kati ya rangi mbili unapotoweka, na furaha ya kuuona ukitoweka ndiyo inayonirudisha kwenye akriliki kila mara.

Kwa kazi hii paleti ya unyevu ni karibu lazima: sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi inakaa saa kadhaa bila kuganda. Angalia pia nyeupe yako. Nyeupe ya titani inafunika vizuri lakini ikizimuliwa sana huacha unga unga. Kwa mng'ao wa mwisho ninapendelea kuchanganya na rangi ya pembe ya ndovu. Njano juu ya nyeusi haifiki popote. Itangulize waridi au kahawia ya udongo, kisha njano, utaona inavyokolea.

Rangi za mkono mmoja

Citadel walitoa Contrast mwaka 2019, Army Painter wakaja na Speedpaint mwaka 2022, na Vallejo nao wana Xpress Color. Zote zinafanya kazi kwa wazo moja: rangi kali lakini angavu, ndani ya kimiminika kizito kidogo kinachokimbia vilima na kutuama mabondeni. Mkono mmoja juu ya praima nyeupe au kijivu cheupe, na unapata kivuli, rangi yenyewe na mwanga kwa pamoja.

Joho la mlinzi wa pili lilinichukua dakika kumi hivi. Nilijaza brashi, nikateremsha rangi kutoka begani, nikaiacha ishuke. Mabonde yakajaa bluu nzito na migongo ya mikunjo ikabaki bluu ya maji. Kilichonipa kazi ni upindo wa chini, ambako rangi ilijikusanya ikafanya tone. Hapo lazima uwe na brashi ya pili, safi na yenye unyevu kidogo, ya kunyonya tone kabla halijakauka. Ukiliacha, litakauka na ukingo mweusi kama alama ya maji ukutani.

Basi zinafaa wapi? Nguo zenye mikunjo, manyoya, nywele, ngozi, mizizi ya miti, magamba ya joka. Popote penye mabonde na vilima, rangi hizi hazina mshindani kwa kasi. Pasipo na kitu cha kushika rangi, kama ubavu wa gari, ngao bapa au upanga mpana, huacha mabaka yasiyoelezeka. Mtu anayepaka vifaru peke yake asinunue seti nzima.

Mambo matatu ya kuchunga. Usizizimue kwa maji mengi. Maji huvunja ule uzito unaozifanya zitiririke sawasawa na matokeo yake ni madoa. Tumia kimiminika chake maalumu. Pili, usirudishe brashi pale palipoanza kukauka, utararua ngozi laini iliyokwisha kujishika. Tatu, jaribu kwanza kama chupa yako huyeyuka tena ikilowa. Nilikuwa na nyekundu moja ambayo siku mbili baada ya kukauka ilivuja ndani ya nyeupe niliyopaka juu yake, na ukanda wote wa mlinzi ukageuka waridi. Tangu siku hiyo kila chupa mpya naipaka kwenye kijiko cha plastiki, nailaza usiku kucha, asubuhi napitisha brashi yenye maji. Ikiacha rangi kwenye tishu, najua kwamba kabla ya kupandisha kitu juu yake lazima nipulize vanishi.

Rangi za mafuta

Watu wanaziogopa bila sababu. Wanadhani ni za wachoraji wa turubai, zinanuka, hazikauki. Kukauka kweli zinachelewa, kuanzia siku moja hadi wiki kutegemea rangi, lakini ucheleweshaji huo ndio unaokupa unachokitafuta.

Joho la mlinzi wa tatu nililipaka hivi. Msingi wa akriliki ya bluu, kisha vanishi, nikaiacha ikauke kabisa. Nusu saa kabla ya kuanza nilikamua bluu, nyeusi na nyeupe kidogo juu ya kipande cha boksi. Boksi lilinyonya mafuta ya kitani ya ziada, likaacha alama ya mafuta kuzunguka kila tone, na rangi ikabaki nzito, isiyong'aa sana. Nikaweka mstari wa giza bondeni, mstari wa mwanga mgongoni, na kati yake sikuweka kitu. Kisha brashi safi, kavu, nikaigongagonga taratibu pale mistari inapokutana. Ndani ya dakika mbili kulikuwa na mpito laini ambao kwa akriliki ulinidai tando tano au sita. Nikakosea begani, nikafuta kwa pamba yenye tapentaini kidogo, akriliki ya chini ikabaki salama, nikaanza upya. Kwa anayehangaika na mipito ya rangi, hakuna mwalimu mpole kama mafuta.

Lakini mafuta hayafai kwa haraka wala kwa mistari myembamba ya ukali. Jicho, ukingo wa upanga, kifungo cha shati: hivyo virudie kwa akriliki baada ya mafuta kukauka na kupigwa vanishi. Utaratibu ni huo siku zote. Mafuta juu ya akriliki ni sawa; akriliki juu ya mafuta mabichi hapana, itapasuka au itajikunja. Ukiwa na haraka, anza na kahawia ya amba (umber). Ina madini ya manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha mafuta kukauka.

Usalama nao si wa kupuuza. Fungua dirisha. Brashi zako nzuri za manyoya ya Kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche, ziweke mbali, tumia za sintetiki za bei ndogo. Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze vikauke, au vilowe majini kabla ya kutupwa.

Wino wa akriliki sitauweka kwenye mizani sawa na hizi tatu, kwa sababu huwa msaidizi. Ni mwembamba, una rangi kali, unang'aa. Tone moja ndani ya utando wa akriliki hurudisha uhai kwenye nyekundu iliyofifia kwa nyeupe nyingi. Maliza na vanishi isiyong'aa.

Mwanga wa utosini

Sasa tuje kwenye mwanga. Ulio rahisi kuliko yote ni wa jua la utosini: mwanga unashuka kutoka juu, chini kuna giza. Unapuliza praima nyeusi pande zote, kijivu kwa pembe ya digrii 45 hivi, halafu nyeupe kutoka juu kabisa. Kabla hujagusa rangi, kijisanamu chako tayari kina asubuhi na jioni yake.

Ndugu yake wa karibu ni njia ya brashi kavu: praima nyeusi, kijivu kwa brashi kubwa iliyofutwa karibu ikauke, kisha nyeupe kwa mkono mwepesi zaidi. Haihitaji brashi ya hewa wala kopo la pili la kupuliza. Wengi huzihesabu njia hizi mbili kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo wanapopotea. Kupuliza kutoka juu hufuata mwelekeo: kidevu kinabaki gizani kwa sababu mwanga haukifikii. Brashi kavu hufuata kingo, haijui juu wala chini, na usipojizuia utaangazia hata chini ya joho. Ukipuliza unapata mwanga ulio laini na wa kweli. Kwa brashi unapata umbo kali linalosomeka kutoka upande wa pili wa meza. Kwa jeshi la kuchezea nachagua brashi kavu, kwa uso mmoja mkubwa nachagua kupuliza.

Hapa ndipo rangi za mkono mmoja zinapong'aa kuliko zote, maana ziko angavu: mwanga ulio chini unapenya. Akriliki nzito huua kazi yote hiyo. Mlinzi wa kwanza nilimpulizia mwanga wa utosini kwa uangalifu mkubwa, na mkono wa pili wa bluu ukaufunika wote. Haukupotea bure, kwa sababu nilikuwa nimempiga picha kabla ya kupaka, na picha ile ikawa ramani yangu ya mahali pa kuweka tando. Hata kama unatumia rangi nzito, puliza, piga picha, ndipo ufunike.

Mwanga wa mwenge

Huu ndio unaovutia kila mtu na ndio unaoharibika mara nyingi. Kosa lenyewe ni lile lile: rangi ya chungwa imepakwa kila mahali, mwenge uko mkononi lakini hata kiatu kimemulikwa.

Fizikia inasaidia. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa mlinzi wangu, shavu liko milimita 5 kutoka mwenge. Bega liko milimita 10, kwa hiyo linapata robo ya mwanga wa shavu. Kiatu kiko milimita 25, mara tano ya umbali, kwa hiyo kinapata sehemu moja kati ya 25. Hiyo ni sawa na kusema hakipati kitu. Kiache gizani. Ukiheshimu hesabu hiyo ndogo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu nyingine iko kwenye rangi. Kwanza, hakuna kitu kinachoruhusiwa kuwa cheupe kuliko mwenge wenyewe. Pili, moto huwa mweupe au wa njano kwenye kiini, unaelekea chungwa na nyekundu kwenye ncha. Kupaka kinyume, ncha za njano na kiini chekundu, hufanya ndimi za moto zionekane kama majani. Tatu, mwanga wa chungwa hauigeuzi nguo ya bluu kuwa ya chungwa. Nguo ya bluu inarudisha chungwa kidogo sana, kwa hiyo pale panapomulikwa hupata rangi ya vumbi, kijivu chenye joto. Nilipopaka chungwa safi juu ya joho la bluu ilionekana kama mtu amemwagiwa rangi. Nilipochanganya chungwa na bluu ya joho, ikatulia, ikawa mwanga.

Rangi gani basi? Kwa akriliki ni kazi ya tando na inakwenda vizuri, kwa kuwa unaweza kusogea polepole na kurudi nyuma. Mafuta yanatoa mng'ao laini kuliko yote, hasa juu ya uso. Za mkono mmoja ndizo dhaifu hapa: mwenge unadai ufunike vivuli vilivyokwisha kuwekwa, nazo hazifuniki. Kwa mlinzi wa pili ilibidi nirudishe nyeupe kwa akriliki upande wa shavu, ndipo nimwage njano angavu juu yake. Rangi zinazong'aa kama za fulana za barabarani hutia nguvu kwenye kiini, ila hazifuniki bila nyeupe chini yake na hufifia upesi zikikaa kwenye jua. Weka kidogo, mwisho kabisa.

Chuma cha kuchora au chuma cha chupa

Kofia ya mlinzi unaweza kuipaka kwa rangi ya metali, yenye vipande vidogo vya mika au alumini ndani yake, au ukaichora kwa rangi za kawaida, kutoka karibu nyeusi hadi nyeupe, ili jicho liamini ni chuma. Rangi ya metali inarudisha mwanga wa chumba chenyewe, kwa hiyo ukigeuza kijisanamu mng'ao unasogea. Cha kuchora hakisogei: kiko sahihi kutoka upande mmoja, na kwa picha hicho ndicho hupendeza zaidi. Kinahitaji hatua sita au saba za rangi na uamuzi thabiti wa mwanga unatoka wapi, na ndiyo maana nasema asiyejaribu mwanga wa utosini asikimbilie huku. Ukitumia metali, weka kikombe chake cha maji peke yake. Vile vipande vinavyometa vikiingia kwenye maji ya rangi nyingine, utaviona kwenye pua ya kila askari.

Taa ya mezani

Kabla ya kununua chochote, tazama balbu yako. Balbu ya njano ya kelvini 2700 (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga) huifanya bluu ionekane chafu na huficha tofauti kati ya nyeupe na rangi ya pembe, asubuhi unashtuka. Tafuta kati ya 5000 na 6500, yenye kipimo cha usahihi wa rangi (CRI) cha 90 au zaidi. Taa mbili, kulia na kushoto, kwa ajili ya kupaka. Unapopanga mwanga, zima moja, ishike ya pili mahali unapotaka chanzo kiwe, na upige picha ya kijisanamu kikiwa na praima tupu. Kwa mwenge nilishika taa ndogo ya kidole karibu na shavu la mlinzi gizani, na picha ile ilinifundisha kuliko maelezo yoyote.

Nani achukue nini

Mwenye askari arobaini wanaosubiri: brashi kavu na rangi za mkono mmoja, bila kusita. Nunua chupa tano tu kwanza, ngozi, kahawia, bluu, nyekundu, kijani, na upige vanishi mwisho, kwa sababu rangi hizi husuguka kwenye kingo zikishikwashikwa.

Mwenye kijisanamu kimoja anachokipenda, na subira ya wiki mbili: mafuta kwa joho, ngozi na farasi, akriliki kwa macho na kingo, mwanga uliopulizwa kutoka juu. Rangi tatu za mafuta zinatosha kuanzia: nyeupe, nyeusi, kahawia ya amba.

Anayetaka kuujua mwanga wenyewe, wa mwenge au wa chuma cha kuchora, abaki na akriliki alizozizoea. Hili nalisisitiza, maana nimeona wengi wakikata tamaa kwa kubadilisha rangi na mwanga siku moja. Kazi ikiharibika hawajui wa kulaumiwa ni nani kati ya hivyo viwili. Rangi mpya ijaribu chini ya mwanga unaoujua, na mwanga mpya uujaribu kwa rangi unazozijua.

Na kama ningelazimika kubaki na mlinzi mmoja tu kati ya hawa watatu, ningebaki na wa tatu. Si bora kila mahali: kofia yake ni butu na mkanda haukunyooka. Lakini joho lile, pale bluu inapoingia gizani chini ya mkono ulioinua mwenge, mimi mwenyewe siuoni mpaka ulipo.